Hodi kwa Samaki Wachanga

Kwenye kibanda cha kutengeneza simu watu walibanana hadi mlangoni. Kijana mwenye koti jeupe alipigwa kikumbo, na maji ya chupa aliyobeba yakarukia gauni la kijani la msusi mmoja.

“Kaka, umeniloanisha!”

“Samahani, dada. Hebu nione kama wamebaki.” Aliinua chupa kwenye mwanga. Ndani viliogelea viumbe vyembamba kama nyuzi.

“Unafuga mbu?”

“Mbu! Hawa samaki, wanangu.”

“Na mama yao yuko wapi?”

“Ndiye ninayemtafuta.”

Msusi alicheka bila kutaka. Kijana alikuwa mtafiti wa samaki; wakapeana namba, basi simu zikaanza: “Mrembo, umeamka?” “Mtafiti wangu, umekula?” Jioni msusi alimfuata maabara, akawa anamsubiri kando ya trei za samaki wachanga hadi atoke kikaoni.

“Ukigonga trei wanashtuka,” mtafiti alimweleza. “Ukizidi kugonga, wanajifunza kuwa hakuna hatari, wanatulia. Na kwa jinsi miili yao inavyopitisha mwanga, ubongo wao unauona ukifanya kazi. Tukijua wao wanavyokumbuka, tutajijua na sisi.”

Siku moja mtafiti alipiga simu kwa kelele za furaha. “Mpenzi! Wale wa trei ya dirishani! Niliwafundisha wazazi wao tu, wao sijawahi kuwagongea. Leo nimegonga, hawakushtuka! Wamerithi kumbukumbu! Kesho naitangaza mbele ya maprofesa.”

Chanuo lilimdondoka msusi. Trei ya dirishani ndiyo iliyokuwa jirani na kiti chake. Kila jioni aliigonga kwa kucha: “Hodi, wanangu. Baba yenu kachelewa tena.”

“Mpenzi, hufurahi?”

“Nafurahi, mpenzi.”

Mistari ya kichwa alichokuwa akisuka ikaenda kombo, mteja akafoka. Akisema, atampoteza. Akinyamaza, mwanamume anayempenda atajiaibisha mbele ya wakubwa zake. Alimwomba mteja radhi, akatoka mbio.

Alimkuta mtafiti nyumbani kwake, akipiga pasi shati jipya.

“Ni mimi,” alisema akihema. “Wale samaki niliwazoesha mimi. Nilikuwa nawagongea, nawasalimia. Uliponipigia nikaelewa, nikanyamaza.”

Aliiweka pasi kando.

“Nenda nyumbani,” mtafiti alisema taratibu.

Siku zikapita, simu kimya. Msusi alikula bila kuonja chakula, akijilaumu kwa kugonga, na zaidi kwa ile “nafurahi”. Kisha mchana mmoja, saluni imejaa, simu ikaita.

“Niliwaambia maprofesa ukweli,” mtafiti alisema. “Naanza upya.”

“Nisamehe.”

“Hasira bado ninazo.”

“Najua.”

“Lakini ungeniacha nitangaze, leo ningekuwa kichekesho. Ulikimbia kuniokoa huku ukijua nitakufukuza.” Akakohoa. “Jumapili nakuja kwenu kuposa. Mwambie mama mkwe akiniona nimenuna asiulize sababu.”

Msusi alicheka, machozi yakamtoka. “Sababu nitamwambia mwenyewe.”

“Yote?”

“Yote, mpenzi. Hata ile ‘nafurahi’.”