Aliyehesabiwa Kindu

Siku ya Jumatatu, mbele ya ofisi ya komini, yaani ya serikali ya mtaa, mjini Kindu, watu hawapangi mstari, wanasukumana. Odette alikuwa katikati ya msukumano huo, kitenge cha kijani amekikaza kiunoni, jasho linamtoka, ndipo mtu akamkanyaga mguu.

"Wee! Hauna macho?"

"Ninayo," akajibu kijana mwenye kanzu nyeupe na kofia ya kufumwa, "lakini yalikuwa kwako."

Odette alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Ndivyo mambo yalivyoanza, na mimi nasema kweli: heri kijana yule angekanyaga mguu wa mtu mwingine.

Jina lake Soudi, muuza vitenge sokoni. Odette alitoka Kalima. Mama Kasanda, mjane wa Kikasai aliyemlea, alikuwa amefariki, na kabla ya kukata roho alimwambia: "Mutoto wangu, si miye niliyekuzaa. Nilikutoa Kindu wakati wa vita. Kule ulihesabiwa." Basi, ni hayo tu. Tangu hapo Odette alikuwa akitafuta vitabu vya zamani vya hesabu ya watu, na karani, baba Godefroid, akimwambia arudi kesho. Mwacha asili ni mtumwa, wanasema wahenga. Na yule aliyeachwa na asili yake je? Huyo anakula peke yake, anaugua peke yake, na sikukuu ikifika anafunga mlango mapema.

Soudi akaubisha mlango huo kwa simu.

"Malkia wa Kalima, umekula?"

"Nimekula sombe."

"Bila miye? Una roho ngumu, mupenzi."

Wakaendelea hivyo mpaka mvua zikaisha. Jioni moja, wakitembea kando ya reli, Soudi akasimama. "Nataka kukuoa, Odette. Lakini mahari nitampelekea nani?"

Aliuliza kwa upole, ila swali lilimchoma. Odette hakuwa na mjomba, hakuwa na shangazi, hakuwa hata na binamu wa kugombana naye. "Nisaidie kutafuta," akasema.

Hatimaye baba Godefroid akakitoa kitabu cha mwaka 2002, mwaka ambao mji ulizingirwa na njaa ikaua watu majumbani. Akapitisha kidole. Nyumba ya Kasanda, mjane: hana mtoto. Nyumba ya jirani: Kassim, fundi cherehani; mke wake, Halima; watoto, Soudi na Nuru. Na mbele ya jina la Nuru: mchanga, ameondoka na Kasanda kwenda Kalima.

"Huyu njo weye, ni weye kabisa!" karani akafurahi. "Hongera, binti. Umepata baba."

Soudi akauachia mkono wa Odette. Marehemu Kassim alikuwa baba mzazi wa Soudi mwenyewe. Akatoka nje.

Wiki nzima simu yake haikupatikana. Odette alijifungia katika chumba cha kupanga akijichukia, maana moyo ulikuwa bado unamtaka mtu ambaye sasa ni kaka yake. Akaamini Soudi anamwonea kinyaa. Alikuwa anafunga mizigo arudi Kalima simu ilipolia.

"Odette, mama anakutaka nyumbani. Anasema hakukuzaa."

"Unasema?"

"Hakukuzaa! Njoo upesi, mupenzi!" Alikuwa anacheka na kulia pamoja.

Odette alipanda pikipiki, akashuka kabla haijasimama vizuri. Mama Halima alikuwa uani, juu ya mkeka. Alimshika uso kwa mikono miwili.

"Nuru," akasema. "Waliniambia mulikufa njiani."

"Mama, nani alinizaa?"

"Mwanamke aliyekimbia kutoka upande wa Lokandu. Alianguka hapa uani na weye mugongoni, akafa hajataja jina. Na wakati ule, kila aliyelala nyumbani mwako ulimuhesabisha kuwa mutoto wako, maana askari walikuwa wanachukua wageni. Baadaye njaa ikanikausha maziwa. Kasanda akakubeba, akasema Kalima chakula iko."

"Unaona?" Soudi akadakia. "Hatuna damu moja! Mama, tupe baraka."

Mama Halima akatikisa kichwa. "Soudi, umesoma madrasa weye. Hukusikia nimesema maziwa? Ulikuwa hujaacha kunyonya. Weye ziwa hili, yeye ziwa hili, mpaka akaota meno. Yeye njo ndugu yako mbele ya Mungu. Hakuna shehe atakayefungisha ndoa hii."

Odette, aliyelelewa kanisani, hakujua kwamba kwa Waislamu maziwa hufanya undugu kama damu. Alimgeukia Soudi amweleze, akamkuta amekaa chini kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe. Hapo akaelewa.

"Mutoto wangu, usilie," mama akamvuta kifuani. "Hauko peke yako tena."

Maskini, ndipo akalia kweli. Alikuwa mikononi mwa mama, ana nyumba, ana ukoo, na hajawahi kuwa mpweke kama saa ile. Angeweza kuurudisha ukoo wote huo apewe mtu mmoja tu, angeurudisha.

Ijumaa Soudi alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki za Kalima, amembebea mzigo. Hawakutazamana. Dereva, jina lake Okito, mtu wa maneno mengi, akamtazama Odette, akamtazama Soudi.

"Ndugu yangu, unaacha bibi yako muzuri hivi aende peke yake?"

Soudi akauinamia mzigo, akaanza kuufunga upya. Odette akamhurumia, akajibu yeye.

"Si bwana yangu. Huyu njo kaka yangu. Twende."