Jina la Bernadi Ndani ya Ruta

Haya yalimkuta rafiki yangu Omary, miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuvuta intaneti Mbinga. Alitumwa kuweka mfumo endeshi mpya kwenye ruta, mashine ya kugawa intaneti, ya ofisi moja. Bernadi, fundi mwenzake aliyeifunga, alikuwa amezama ziwani wiki iliyotangulia.

"Kaka Omary, jina la Bernadi humo ndani usilifute kabla hatujaanua matanga," karani wa ofisi, Restituta, alimwomba.

"Ni kazi tu, dada." Tangu mazishi, moyo wa Omary ulikuwa umekufa ganzi.

Chumba cha mitambo hakikuwa na dirisha wala taa. Omary alifuta kila kitu, akapakia mfumo mpya, akasajili jina lake peke yake. Akachomoa nyaya zote za mtandao, akabakiza ule wa kompyuta yake tu. Feni ya ruta ikavuma gizani. Akaiuliza mashine ni akina nani wameingia kwenye mfumo.

Omary. Bernadi.

Pembeni ya kila jina, mashine huonyesha sekunde zilizopita tangu mwenyewe abonyeze kitufe mara ya mwisho. Kwa Bernadi zilikuwa tatu. Omary akangoja dakika nzima, mikono mapajani, akisikiliza feni. Akauliza tena.

Bernadi: mbili.