Diski Kuukuu ya Studio Katsuva

Kufuli lilikuwa limevunjwa. Kamera tatu zipo mezani, diski mbili mpya zipo kando ya kompyuta. Iliyoibwa ni moja tu, diski kuukuu yenye picha za miaka kumi na minane.

Inspekta Prudence Kavira aliizunguka studio hiyo ya mtaa wa Nyakasanza, akaguna. Mwizi wa Bunia anayeacha kamera alikuwa hajamwona bado.

Mlangoni aliketi Mama Charlotte, aliyekimbia vita kule Fataki. Nyumba yake iliungua na kila kitu. Picha pekee ya marehemu mumewe, Hubert, ilikuwa ndani ya diski hiyo. Jumamosi familia inamaliza matanga, na kwao matanga hayamalizwi bila picha ya marehemu mezani.

"Nani alitumika kazi hapa jana?" aliuliza inspekta.

"Liévin," alijibu Muzee Katsuva, mwenye studio. "Nilimwambia ahamishe picha zote mu diski mupya. Afanye copie mbili, aangalie kama zinafunguka, njo afute ya zamani."

Liévin, fundi wake wa miaka saba, alijifuta jasho.

"Ulimaliza?"

"Nilimaliza, mama inspekta. Zote ziko mu diski mupya."

"Basi mwizi alibeba chuma tu. Sasa juu ya nini unatoka jasho hivi?"

Liévin aliitazama kompyuta.

Njia ya mwongo ni fupi. Prudence alichomeka diski mpya ya kwanza. Miaka ya mwanzo ilijaa picha. Mwaka 2014 uliishia katikati ya harusi ya watu. Picha ya mwisho iliingia jana saa nne na dakika ishirini asubuhi. Diski ya pili ilikuwa tupu.

"Saa ine na dakika makumi mbili courant ya umeme ilikata Bunia muzima," alisema. "Hata mashine ya kituo yetu ilizimika. Ulifanya couper, kukata, hapana copier?"

Liévin alikaa chini sakafuni.

"Nilitaka kwenda mbio. Copier na kuhakikisha ni siku mbili. Nikasema nikate tu, picha ihame na ijifute, nifike kuimba ku repetition ya chorale. Courant ikakata. Ile ya zamani ikaanza kulia tik-tik, haikufunguka tena."

"Na kufuli?"

"Miye njo nilivunja."

"Juu ya nini hukumwambia Muzee?"

"Muzee angenifukuza, ningevumilia. Lakini huyu mama..." Alimtazama Mama Charlotte. "Juzi aliniletea ndizi, ananishukuru juu ya kuchunga picha ya bwana yake. Mwizi, mama angemulaani. Miye angenisamehe. Sikuweza kubeba ile musamaha."

Aliitoa diski nyuma ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, pale watu wanaposimama kupigwa picha. Ilikuwa kielelezo, na Prudence alijua inapaswa kuingia kwenye mfuko wa ushahidi. Lakini Mama Charlotte alikuwa ameshanyoosha mikono, na inspekta aliona haya kumzuia.

"Hubert iko mule ndani?" aliuliza mjane.

"Iko, mama. Lakini haionekane."

Mama Charlotte aliifunga katika kitenge chake, polepole.

"Siku ya posho, Jumamosi ya matanga, utakuya, uiweke ku meza weye mwenyewe. Batoto bataniuliza sura ya baba yao iko wapi. Weye njo utabajibu."