Mizani ya Phelesia

Mizani haikuwa na kitu juu yake, na bado ilisoma kilo kumi na tatu.

Daktari Celestine aliizima, akaiwasha tena. Kumi na tatu. Akaiinua, akachungulia chini yake. Hakuna kitu. Kliniki yake ya meno hapo Muhuru Bay ilinuka dawa ya karafuu kama kila siku, lakini asubuhi hiyo kulikuwa pia na harufu ya samaki mbichi, na madirisha yote alikuwa ameyafunga. Namba ile aliijua vizuri.

Mwaka uliopita, mizani ya zamani ya kliniki ilipoharibika, Phelesia muuza mbuta alimleta binti yake Apiyo aliyeoza jino. Sasa, dawa ya ganzi ya mtoto huhesabiwa kwa kilo zake. "Si utumie yangu, daktari?" Phelesia akasema, akaileta ile mizani yake ya kuning'inizia samaki. Wakamfunga mtoto kwa leso, wakamtundika, akacheka. Kilo ishirini. Celestine alikuwa mteja wa Phelesia wa kila Jumamosi, na kila Jumamosi kilo mbili zikifika nyumbani zilikuwa kilo moja na kitu. Alijua mizani ile ni mwongo. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na mazoea yana taabu, akadunga dawa ya mtoto wa kilo ishirini. Midomo ya Apiyo ilitetemeka, mgongo ukapinda, akanyamaza moja kwa moja. "Ni malaria, imepanda kichwani," Celestine alimwambia mama yake, huku ameshika kadi ya mtoto iliyoandikwa wiki ile ile: kilo kumi na tatu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Phelesia, amemshika mkono Adongo, pacha wa marehemu. Shavu la mtoto lilikuwa limefura hadi jicho likafumba.

"Siku tatu hali chakula," Phelesia alinong'ona. "Na anaongea na mwenzake, daktari. Watu wa kanisa wameomba mpaka wamechoka. Wanasema ni jachien."

Jachien ni mtu aliyekufa na jambo lake moyoni, na Celestine alilijua jambo lenyewe.

"Mpandishe kwenye mizani."

Adongo, miguu kama vijiti, akapanda. Ishirini na saba. Mtoto akasogea pembeni kidogo, kama anayempisha mtu.

"Mwambie ashuke," Celestine alisema kwa sauti ya chini.

"Hataki," Adongo akajibu. "Anangoja useme."

Darini kukaanza mlio, kiii, kiii, mlio wa ndoano ya chuma inayobembea na mzigo, na dari ile haikuwa na ndoano yoyote, na namba zikapanda ishirini na nane, ishirini na tisa, na mabega ya Adongo yakashuka kana kwamba kuna aliyemkalia, na midomo yake, hata sindano haijaguswa, ikaanza kutetemeka vile vile ilivyotetemeka ya Apiyo.

"Mama Apiyo, haikuwa malaria," Celestine akasema, na hofu ikamliza. "Nilizidisha dawa. Mizani ilisema ishirini, na nilijua inadanganya."

Phelesia aliitazama mikono yake. "Springi niliilegeza mimi," alisema. "Ya kuuzia watu samaki. Sikujua dawa nayo inaenda na kilo." Akapiga magoti mbele ya mizani. "Apiyo, nyathina, mtoto wangu, mwache mwenzako. Njoo kwangu."

Mlio ukakatika. Kumi na nne. Adongo akavuta pumzi.

Celestine akahesabu dawa ya kilo kumi na nne, akahesabu tena. Alipochoma ufizi, kabla ya kusukuma dawa akavuta kwanza nyuma kuona kama damu itaingia kwenye sindano, isije ikawa amechoma mshipa; haikuingia. Akasukuma taratibu, macho usoni mwa mtoto. Jino likatoka salama.

Phelesia akambeba Adongo mgongoni. "Nitarudi na wazee," alisema, akaenda.

Harufu ya samaki ikaisha. Mizani ikasoma sifuri. Basi amemfuata mama yake, Celestine akajiambia, na kwa mara ya kwanza mwaka mzima kifua kikawa chepesi. Akavua viatu, akapanda, ahakikishe tu kwamba imepona. Wiki iliyopita alikuwa kilo sitini.

Ikasoma sabini na tatu.