Risasi Mbele ya Malewa ya Mama Mireille

Kwa Mama Mireille, mtaani Nyakasanza, kiti hakipoi. Huyu anainuka, yule anakaa. Malewa yake ni kibanda cha mabati cha kuuzia chakula, lakini habari za Bunia hupita hapo kwanza kabla ya kufika redioni. Nani ameolewa, nani amefukuzwa, nani ameleta samaki waliooza kutoka Mahagi-Port: yote huliwa pamoja na bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Mtoto wake Dany ni motari, anabeba watu kwa pikipiki. Jumamosi moja asubuhi alikuwa mbele ya malewa, anangoja mteja. Akaja Fiacre, polisi. Fiacre amepanga chumba cha Mama Mireille nyuma ya malewa, yeye na mke wake Priscille na mtoto wao mchanga.

"Petit, nipeleke kazini," Fiacre alisema.

"Panda, chef. Lakini usinishike kiuno kama bibi yangu!"

Watu wakacheka. Mama Mireille alikuwa ameinamia sufuria. Akasikia: paa!

Alipogeuka, Dany alikuwa chini, damu inamtoka pajani. Fiacre amesimama, mikono kichwani. Bunduki iko chini, karibu na gurudumu.

Motari wawili wakambeba Dany mbio mpaka hospitali. Fiacre akaokota bunduki yake, akakimbilia kwa wakubwa wake. Daktari akamtuliza mama: Dany atapona, lakini mguu utachukua muda.

Sasa, motari wa Bunia wana desturi yao. Mwenzao akiumizwa, mmoja anapiga honi, wa pili anaitika, wa tatu anaitika, mpaka mji mzima unalia. Hakuna anayeuliza kitu. Honi ikilia, unafuata. Mama Mireille aliporudi kutoka hospitali, pikipiki zilikuwa zimejaa barabara.

"Mama Dany, ilikuwa namna gani?"

"Alimupiga mutoto wangu!" alilia.

"Nilisikia waligombana," Françoise, muuza makaa, akaongeza.

"Juu ya mwanamuke," mwingine akatia chumvi.

Habari ikazunguka meza zote, ikarudi kwa Mama Mireille imenenepa. Naye akaipokea. Alikuwa na hasira, na maneno yalikuwa matamu mdomoni. Kufikia saa sita mchana alikuwa anapiga kifua: "Alimulenga! Mi mwenyewe nilimuona!"

Kisha redio ya mezani ikasema. Sauti ilikuwa ya komanda wa Fiacre: "Ilikuwa ajali tu. Yule motari alivuta bunduki ya polisi. Mambo yamekwisha."

Mama Mireille akatupa mwiko. "Dany avute bunduki? Yeye mwenye kuogopa panya! Yamekwisha kwa nani?"

Hapo hasira ikawaka kweli. Assani, mkubwa wa motari wa kona ile, akainua chupa ya essence, yaani petroli.

"Siye tumechoka! Bibi ya polisi iko hapo nyuma. Tunatoa vitu vyake, tunachoma vyote!"

Wakaujaza ua. Priscille alikuwa amejifungia. Mtoto analia ndani. Sauti yake ikatoka nyuma ya mlango:

"Mama Mireille! Kule kwetu Bule walichoma nyumba yetu, tukakimbilia hapa. Na hapa tena?"

Assani akamgeukia Mama Mireille. "Mama, weye njo mwenye mutoto. Sema neno moja tu."

Mama Mireille akafungua mdomo. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Mireille!" Jirani yake Scholastique alikuwa anasukuma watu ili apite. Kazi ya Scholastique ni kusimama kortini na watu walioumizwa na wenye bunduki. "Nijibu kwanza. Uliona risasi ikitoka, ao ulisikia?"

"Weye uko upande ya polisi!"

"Mimi? Mwaka jana nilipeleka polisi wawili kortini. Leo wako gerezani. Unajua nini iliwafunga? Batu waliosema kile waliona. Ukisema kortini 'alimulenga', avocat wake atauliza: macho ya mama ilikuwa wapi?"

Françoise akasema polepole: "Kwenye sufuria."

"Unasikia? Kesi imekufa hapo hapo. Na yule komanda anacheka. Mkichoma hii nyumba na mutoto ndani, kesi itakuwa yenu, si ya polisi."

Mama Mireille alitamani kumpiga mtu, hata Scholastique.

"Ulipogeuka, bunduki ilikuwa mukononi mwa Fiacre?"

"…Hapana. Ilikuwa chini. Karibu na roue."

"Uliona nini ingine?"

Akafumba macho. Picha ikarudi, ile ya kweli, kabla ya meza zote kuinenepesha. "Kamba. Bunduki ilikuwa na kamba ya mupira. Ilikatika."

"Ile tunafungiaga magunia?" Assani aliuliza.

"Ile ile."

"Basi kuna maulizo," Scholastique alisema. "Nani alimupa polisi bunduki bila mukanda? Juu ya nini risasi ilikuwa tayari ndani? Fiacre alikusudia? Mi sijui. Weye hujui. Komanda pia hajui, na njo maana damu yangu inachemka! Amesema 'yamekwisha' bila kumuuliza Dany aliyepigwa. Yeye anahukumu kwa redio, siye tunahukumu kwa honi. Tofauti iko wapi?"

Akawaeleza njia. Kesi ya polisi inapelekwa auditorat, kwa waendesha mashtaka wa korti ya kijeshi. Unaenda na karatasi ya daktari. Unaenda na walioona, na kila mtu anasema alichoona yeye, hakopi macho ya jirani. Na vitu vilivyobaki pale risasi ilipolia havichukuliwi.

"Ganda ya risasi iko wapi?"

Assani akajikuna shingo, akaitoa mfukoni.

"Ah, Assani! Ifunge kwa karatasi. Tutaitoa kule, na utasema uliiokota wapi."

Mama Mireille akamnyang'anya Assani ile chupa. "Nyumba ni yangu, na mutoto aliyepigwa ni wangu. Atakayegusa ule mulango, atafute malewa ingine mpaka kufa!"

Jumatatu motari walimpeleka Mama Mireille auditorat. Pikipiki zilipita mji mzima kwa mstari, bila honi hata moja. Watu walitoka madukani kuangalia. Kimya kile kilitisha kuliko kelele.

Ndani, ulimi wa Mama Mireille ulimwasha. Ulitaka kusema "alimulenga." Akasema: "Nilisikia risasi. Nikageuka. Bunduki ilikuwa chini, kamba imekatika."

Dany naye aliulizwa kitandani. Akasema hawakugombana. Hakugusa bunduki. Fiacre aliinua mguu kupanda, kamba ikakatika, bunduki ikaanguka juu ya pikipiki, ikalia. Wataalamu wakaipima ile bunduki. Wakasema risasi haikupaswa kuwa tayari ndani wakati polisi anaenda kazini.

Haikuwa kusudi. Lakini haikuwa "ajali tu." Korti ilimfunga Fiacre kwa uzembe. Komanda, aliyetoa bunduki za kufungwa kwa mpira na kumsingizia Dany, naye alishtakiwa, akaondolewa kwenye cheo. Redio ikatangaza kwamba Dany hakuvuta bunduki. Siku hizi polisi wa kona ile wana mikanda ya kweli. Na motari, kabla ya honi ya pili, wanauliza: "Nani aliona?"

Dany anatembea kwa fimbo. Kila akipita, moyo wa mama yake unawaka upya.

Mchana mmoja Priscille alisimama mlangoni mwa malewa, mtoto mgongoni, macho chini. Françoise akainama mezani: "Banasema yeye njo alikata ile kamba…"

"Banasema nani?" Mama Mireille aliuliza. "Weye uliona?"

Françoise akaanza kuchunguza sombe yake.

Mama Mireille akajaza sahani, akaigonga mezani mbele ya Priscille.

"Mama, umetusamehe?"

"Hapana. Bado nina hasira na bwana yako. Lakini weye hukumupiga Dany. Kaa, kula. Mutoto wako bado ananyonya."