Dereva Asiyeponywa na Kitabu

Jumapili hiyo duka kubwa la vitabu la mtaa wa Seomyeon lilifurika watu waliokimbia mvua. Miavuli ilichuruzika mlangoni. Mbele ya rafu iliyoandikwa "Vitabu vya Kuponya Moyo" alisimama mwanamke mrefu aliyevaa koti la bluu la madereva wa mabasi ya Busan, nywele kazibana kwa kalamu, akisoma kwa sauti kama anayemsuta mtu.

"'Jikumbatie kama upepo unavyolikumbatia jani.'" Akasonya. "Upepo haukumbatii jani. Unaling'oa!"

Mwanamume aliyekuwa kando yake, mwenye sweta la kahawia lililofumuka kiwikoni, alicheka hadi miwani ikamteleza puani.

"Hicho nilikisifu redioni juzi," alisema.

"Kumbe wewe ndiye yule wa asubuhi, wa kupendekezea watu vitabu?"

"Ndiye. Pyo Seung-u."

"Pole. Ulikisoma?"

"Nusu."

"Nusu ipi? Jalada?"

Alipomaliza kucheka alimwomba jina. Bang Mi-ryeong, alijibu, na kama anataka namba ya simu basi asiombe kwa sauti ya redioni. Akaiomba kwa sauti yake mwenyewe, iliyokuwa na kigugumizi kidogo, na akaipata.

Tangu hapo simu ya Mi-ryeong ikawa inalia kila anapopumzika kwenye kituo cha mwisho cha basi.

"Rubani wangu, umekula?"

"Nimekula. Bwana Nusu, leo umewadanganya watu na kitabu gani?"

"Cha mtawa mmoja. Hiki nimekisoma chote."

"Makubwa! Utapata homa."

Siku walipoketi kula supu ya nguruwe na wali karibu na stesheni, mhudumu aliweka chupa ya pombe ya soju mezani, na Seung-u akanyanyua mkono kummiminia mwenzake. Mi-ryeong akafunika glasi kwa kiganja.

"Sinywi. Nilikunywa mpaka mume akahama na dada yangu akabadili kufuli la mlango. Sasa ni mwaka wa nne. Kama utaondoka, ondoka supu ingali moto, nile na yako."

Seung-u aliirudisha chupa kwa mhudumu, akavuta bakuli lake karibu. "Supu yangu huipati," alisema.

Alimpenda hapo hapo. Na Mi-ryeong naye, aliyekuwa ameapa kwamba mapenzi ni ulevi mwingine tu, alimsimulia mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu asiye wa chama chake cha walioacha pombe: jinsi alivyokuwa akinywa kwenye kopo la maziwa ili majirani wasijue, jinsi kila alfajiri anavyopuliza kifaa cha kupima pombe kabla ya kukabidhiwa basi, na taa ya kijani inavyomfurahisha kuliko pete, jinsi kila Alhamisi yeye na wenzake hao wanavyokutana kwenye chumba cha chini cha kanisa moja, wakisomeana kwa sauti, kitabu chochote, mpaka mmoja anapolia au wote wanapocheka.

Miezi ikapita hivyo, hadi asubuhi moja ya Machi. Basi lilikuwa limejaa, redio imewashwa kama kawaida, na sauti tamu ikatoka juu ya vichwa vya abiria:

"Namfahamu mwanamke mmoja, dereva wa basi la njia ya Seomyeon. Alikuwa akificha pombe kwenye kopo la maziwa. Leo amepona kabisa, na kilichomponya ni kitabu hiki ninachowapendekezea…"

Mi-ryeong aliubana usukani kwa mikono miwili. Bibi mmoja wa kiti cha mbele akainama.

"Mwanangu dereva, si ndiwe huyo?"

Nyuma mtu akacheka. Mwingine akabonyeza kengele, akashuka kabla ya kituo chake.

Kufikia mchana malalamiko yalikuwa yamefika ofisini. Meneja, Bwana Gil, hakumtazama usoni. "Pumzika kidogo nyumbani. Ukitaka kujiuzulu kimyakimya, tutakuandikia barua nzuri."

"Nimepuliza kila alfajiri. Umeona nyekundu hata mara moja?"

"Sijaona. Lakini abiria…"

"Basi sijiuzulu. Nifukuze, uandike sababu."

Alitoka akampigia Seung-u.

"Sikukutaja jina, mpenzi," alijitetea.

"Njia ile ina dereva mwanamke mmoja! Nilikupa siri, ukaifanya tangazo. Tena umesema uongo. Kitabu chenyewe sijakifungua!"

"Waliokitoa ndio wanaodhamini kipindi. Bosi alitaka ushuhuda, nami niliona… niliona unafaa kuigwa."

"Mimi si ushuhuda wa mtu. Usinipigie."

Seung-u hakupiga. Alhamisi alimsubiri nje ya kanisa, hana mwavuli, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Kesho nataka kuwaambia wasikilizaji ukweli," alisema. "Ila safari hii nimekuja kuomba ruhusa kwanza."

"Useme wewe tena? Mdomo wako umenitosha." Akafunga zipu ya koti hadi shingoni. "Nitasema mwenyewe. Wewe nifungulie mlango tu."

"Watanifukuza."

"Najua. Na mimi wananifukuza. Karibu kwenye foleni."

Asubuhi aliingia studio amevaa sare yake yote, vifungo vimeng'aa, hata kofia. Bosi wa kituo cha redio aligonga kioo kwa ngumi. Seung-u akasukuma meza ikazuia mlango, akamwachia kipaza sauti.

"Naitwa Bang Mi-ryeong. Mimi ndiye dereva wa kopo la maziwa. Kitabu mlichoambiwa kimeniponya, sijakisoma. Wala sijapona. Kila siku nakataa glasi, na kesho nitakataa tena, na hiyo si aibu yangu. Anayeogopa kupanda basi langu, aje alfajiri anione nikipuliza. Kisha amuulize dereva wake jana alikunywa nini. Na mkitaka nami niwapendekezee kitabu, someni chochote, hata maelezo ya dawa ya mende. Ila msikisome peke yenu. Kisomeni kwa sauti mbele ya mtu asiyekukimbieni."

Seung-u alifukuzwa kabla ya saa sita. Mi-ryeong alitarajia kufukuzwa jioni. Badala yake, alfajiri iliyofuata alikwenda kazini vivyo hivyo, akakuta abiria kumi na kitu wamesimama kwenye geti la mabasi katika baridi, yule bibi wa kiti cha mbele akiwa kiongozi wao, wanataka kuona kifaa. Wakaona. Taa ikawa ya kijani, bibi akapiga makofi, na Bwana Gil akampa Mi-ryeong funguo za basi.

Msamaha haukuja upesi hivyo. Ulikuja polepole, kwa simu fupi, kwa Alhamisi ambazo Seung-u aliketi kiti cha mwisho na kusikiliza tu, na hakuna neno lililotoka nje naye. Alikuwa amepata kazi ya kupanga vitabu maktabani, mshahara mdogo, usingizi mzuri. Maua ya cheri ya mwaka uliofuata yalipoanza kupukutika, walikuwa wakila tambi baridi kwenye mgahawa wa kituo cha mabasi.

"Mi-ryeong, nikuoe," alisema ghafla, mdomo umejaa.

"Nikianguka nikanywa tena? Vitabu vyenu havina sura hiyo."

"Tutaiandika… hapana, hatutaiandika. Nitakaa nawe tu."

Mi-ryeong alimsogezea simu. "Mwambie mama yako sasa hivi. Usilainishe maneno."

Seung-u akapiga, akaweka sauti ya nje. "Mama, naoa. Ni dereva wa basi, ana talaka, alikuwa mlevi, na sipokei ushauri."

Huko kwa mama sahani ziligongana jikoni.

"Mlete Jumapili," mama alisema hatimaye. "Nitamwambia baba yako azifiche chupa zake."

Mi-ryeong akausogelea mkono uliokuwa na simu.

"Msizifiche, Mama. Ziacheni pale pale mezani. Zitanizoea."