Uso Wangu Kwenye Gari la Eike

“Uko wapi, mpenzi?”

“Hamburg, Wiebke wangu. Niko kwenye foleni, mbele malori, nyuma malori. Hata kahawa sijanywa.”

“Pole. Na gari, linakwenda vizuri?”

“Vizuri sana! Kila nikisimama kwenye mataa watu wanakuangalia wewe tu. Unaniletea wateja, mke wangu mtarajiwa.”

Akacheka. Mimi wakati huo nilikuwa nimeweka mkono kwenye boneti ya gari hilohilo, mtaa wa Eversten, hapahapa Oldenburg. Boneti ilikuwa ya baridi. Buibui alishajenga utando kutoka kioo cha pembeni mpaka mlangoni.

Ubavuni, juu ya rangi ya bluu, nilikuwa mimi mkubwa kuliko mlango wa nyumba, nimeshika mwiko, nacheka meno yote nje. *Majiko ya Eike.* Eike ni fundi wa makabati ya jikoni. Picha alinipiga mwenyewe jikoni kwa mama, siku aliyonichumbia. Stika ilikatwa kufuata umbo langu, tukaibandika wawili gerejini kwake, mimi nimeshika draya ya nywele kuilainisha, yeye anakamua mapovu ya hewa. Nilikuwa na furaha mpaka naona aibu.

Sasa mjue kazi yangu. Mimi ni askari wa manispaa, naandikia magari faini. Sheria ya kwetu iko hivi: gari lenye tangazo likitembea kwa shughuli zake, ruksa, hata ubandike ukoo mzima. Ukiliegesha barabarani wiki baada ya wiki ili watu wasome, hilo ni bango, na bango linataka kibali. Tunajuaje kwamba halitembei? Tunapiga chaki tairi, na tunaangalia valvu, pale pa kujazia upepo, imeelekea wapi. Eike aliyajua yote hayo, nilimsimulia mwenyewe tukinywa chai. Alijua pia kwamba Eversten si eneo langu, ni la mwenzangu Detlef. Asichojua ni kwamba Detlef alivunjika mguu Jumamosi, akicheza mpira na wajukuu, na eneo lake nikapewa mimi.

Asubuhi hiyo mzee mmoja wa mtaa ule alipiga simu ofisini, amefura.

“Kuna mwanamke ananichekea dirishani tangu mwezi uliopita! Nimemchoka. Mwondoeni!”

Tulicheka ofisi nzima. Nikaenda kumwondoa, kumbe ni mimi.

Chaki ya Detlef ilikuwa palepale; huenda alidhani ninajua. Valvu imetazama chini, majani yameoza chini ya magurudumu.

“Eike,” nikasema kwenye simu, “hebu piga honi kidogo niisikie.”

“Eti?”

“Si uko kwenye foleni? Piga honi.”

“Wiebke, honi hapa faini, wewe si ndiye unayejua sheria...”

Geti la nyumba iliyokuwa mbele yangu likafunguka. Akatoka mwanamke na mfuko wa njano wa taka, nywele bado mbichi.

“Moin, habari! Umekuja kuhusu gari? Nilimwambia alitoe.” Akanitazama, akatazama gari, akanitazama tena. “Haki ya nani! Ni wewe! Yule dada wa kwenye picha!”

“Picha gani?”

“Ya kununua. Eike alisema aliinunua mtandaoni, ya mwanamitindo wa Uholanzi. Kumbe unakaa hapahapa! Eike! Njoo uone!”

Nilimsikia akiita mara mbili: mbele yangu, na ndani ya simu.

Akatoka na ndara, simu bado sikioni. Rangi ilimtoka usoni.

“Wiebke, naweza kueleza.”

“Eleza, bwana Hamburg.”

“Mnajuana?” mwanamke akauliza.

“Tunaoana mwezi wa tano. Mama amejaza gereji sahani kuukuu za kuvunja mkesha wa harusi.”

Mfuko ukamponyoka.

“Mimi ameniambia wa sita,” akasema taratibu.

“Swantje, ingia ndani kwanza,” Eike akasema. “Wiebke, alikuwa mteja tu. Nilikuja kumfungia makabati...”

“Makabati gani hayo, mwezi mzima? Na mimi ulininunua bei gani?”

“Ilinitoka tu. Aliuliza ghafla, ningemwambiaje?”

Nisikilizeni. Mwanaume kukuacha, wengi tumeachwa, unalia unanawa uso. Lakini kuambiwa hukuwahi kuwepo, kwamba kicheko kile alichokitoa mwenyewe kifuani mwangu ni mali ya dukani!

Kisha nikatoa stika ya rangi ya chungwa ya manispaa, ile ya onyo, nikaibandika juu ya mdomo wangu pale ubavuni.

“Omba kibali, au uitoe.”

“Usinifanyie hivyo! Tangazo hilo ndilo linanilisha!”

“Basi omba. Wakikuuliza ni picha ya nani, waambie ya kununua.”

Jioni mama aliniangalia mara moja tu, akazima jiko la kabichi.

“Na sahani?” akauliza.

“Vunja, mama.”

Alizivunja uani moja baada ya nyingine. Kwa mila ya kwetu sahani hizo huleta heri, na bwana na bibi harusi hufagia vigae pamoja. Nilifagia peke yangu, nalia mpaka makamasi. Simu ikaingiza ujumbe wa Eike: “Nimeitoa yote. Naomba tuongee.” Nikaufuta.

Siku chache baadaye nilikuwa na baiskeli kwenye mataa ya stesheni. Gari la bluu likasimama pembeni yangu. Stika haipo. Lakini jua la miaka miwili lilikuwa limepausha bluu yote, isipokuwa pale nilipokuwa nimebandikwa. Kichwa, bega, mkono na mwiko wake, vyote vilikuwepo, vimekoza.

Swantje alikuwa kiti cha mbele. Alinamisha macho. Nilijua kwamba ameamua kubaki.

Eike akashusha kioo.

“Nimesugua, Wiebke. Nimesugua mpaka mikono imechubuka. Haitoki. Nitapata faini?”

Nikaitazama kazi yetu ya gerejini, mimi na draya yangu.

“Gari linatembea, Eike,” nikamwambia. “Hilo halihitaji kibali. Tembea nalo.”

Taa ikawa ya kijani, nikakanyaga pedeli.